Miguu ya mpira, magoti ya mlima

Jumapili, usiku

Mpira na mlima ni mapenzi mawili yanayogombea miguu ileile. Kwa anayecheza mechi za mchangani hapa Arusha, Meru iko pale pale juu ya goli, na ni rahisi kuamini kwamba mtu anayekimbia dakika 90 hawezi kushindwa na safari ya kutembea tu. Kupanda kweli hakumshindi. Kinachomshinda ni kushuka, na usiku huu nataka niandike kwa nini.

Tuanze na hesabu ya mlima wenyewe. Geti la Momella liko mita 1,500 hivi, vibanda vya kulala vya Miriakamba 2,514 na Saddle 3,570, kilele 4,562. Siku mbili za kwanza mtu hupanda kama mita 1,000 kila siku. Kisha huamka usiku wa manane, hupanda mita 1,000 nyingine gizani, na siku hiyohiyo hurudi hadi Miriakamba. Hapo ameshuka zaidi ya mita 2,000. Hatua moja ikishusha mwili sentimita 20 kwa wastani, hizo ni hatua 10,000 za kufunga breki, tena mwisho wa usiku usio na usingizi.

Kwenye mpira breki zipo, lakini ni za hatua mbili tatu, halafu mchezaji anatembea akivuta pumzi. Mlimani msuli wa mbele ya paja unavutwa huku umebeba uzito wa mwili na begi, saa baada ya saa. Nyuzi zake huchanika kidogokidogo, na maumivu hukomaa kati ya saa 24 na 72 baadaye. Ndiyo maana mtu hufika getini akicheka, kesho yake akashuka ngazi kinyumenyume.

Dawa yake ni kuuzoesha msuli kushuka. Simama kwenye ngazi, mguu mmoja juu, mwingine uuteremshe polepole ukihesabu hadi tatu, kisigino kiguse chini bila kishindo. Goti lifuate uelekeo wa vidole. Likiinamia ndani, ngazi iko juu mno, tafuta ya chini. Mara 10 kila mguu, mizunguko mitatu, siku mbili kwa wiki, kwa wiki sita. Wiki mbili kabla ya safari tafuta kilima chenye mteremko wa mita 500 au zaidi, ushuke taratibu na begi lako. Mteremko huo mmoja huacha kinga mwilini kwa wiki kadhaa, na naona unafaa kuliko mbio zote za kuzunguka uwanja.

Wale wanaofanya FIFA 11+, mazoezi ya kupasha mwili ya kuzuia majeraha, kabla ya mechi wana nusu ya kazi tayari: dakika 8 za kukimbia taratibu, dakika 10 za nguvu, mizani na kuruka, kisha dakika 2 za kasi. Kusimama kwa mguu mmoja kunakinga kifundo dhidi ya kuteguka uwanjani, na kunasaidia vilevile kwenye mawe yaliyolegea kuelekea kileleni. Wengi huiacha sehemu hiyo ya katikati. Inaniumiza kila ninapoona.

Viatu ni kosa la pili. Daluga hununuliwa ya kubana ili mguu uusikie mpira. Mazoea hayo yakihamia kwenye buti la mlima, kucha za vidole gumba hugeuka nyeusi kwenye mteremko. Nunua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi nzito. Sukuma vidole mbele kabla ya kufunga kamba: kidole kimoja cha mkono kipenye nyuma ya kisigino. Kabla ya kushuka, zungusha kamba mara mbili chini ya kifundo na uikaze hapo, ili mguu usiteleze kwenda mbele. Kucha zikatwe fupi na kwa mstari ulionyooka siku mbili tatu kabla. Soksi za pamba ziache nyumbani, hushika jasho na kuzaa malengelenge. Zile soksi ndefu za mpira, kama ni nyembamba na za nailoni, zinafaa sana kuvaliwa chini ya soksi nzito.

Fimbo mbili pia, tafadhali, hata kwa kijana. Kwenye tambarare kiwiko kikunjike kama pembe ya mraba. Ukishuka ongeza urefu sentimita 5 hadi 10.

Halafu kuna kasi. Mchezaji huanza safari kama anafukuza winga, na kwenye ngazi za Mgongo wa Tembo, kati ya Miriakamba na Saddle, huwapita wenzake wote. Pumzi nzuri ya uwanjani haimkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko, unaoletwa na hewa nyepesi ya huko juu. Kinga ni mwendo wa kuweza kusema sentensi nzima bila kuhema, na maji ya kunywa kidogokidogo. Kichwa kikianza kuuma na chakula kikakataa kupita, usiendelee kupanda. Hali ikizidi, shuka usiku huohuo. Mwambie mapema askari anayeongozana na kundi. Anabeba bunduki kwa sababu ya nyati, lakini pia amewaona wengi waliokaa kimya hadi wakaanguka.

Kurudi uwanjani ni suala la siku, na hapa wengi wanaharakisha. Paja lenye maumivu hupoteza nguvu ya kufunga breki, na mchezaji anayekimbia hivyo humwachia goti na msuli wa nyuma ya paja kazi isiyo yao. Siku mbili za kwanza tembea tu, kwenye tambarare. Siku ya nne ruka kwa mguu mmoja mara 10, kila upande. Ukitua bila maumivu na bila goti kuyumba, rudi mazoezini. Ukiyumba, mechi ya Jumamosi itazamwe kutoka benchi, daluga zikiwa ndani ya begi.