Paneli zilizolala juu ya Hiace

Kila anayeliona gari langu hapa Walukuba, Jinja, huuliza kwa nini paneli za sola zimelala bapa juu ya paa, hazikuinamishwa kama zile za kwenye video za Ulaya. Ulaya jua liko upande. Sisi tuko kwenye ikweta. Mstari wenyewe unakatisha barabara ya Masaka pale Kayabwe. Machi na Septemba jua la saa sita mchana linatuwakia utosini. Hata Juni na Desemba, linapokwenda mbali kabisa kaskazini au kusini, paneli iliyolazwa hupoteza kama asilimia 8 tu saa hiyo ya mchana. Kwa hasara hiyo ndogo sibebi vyuma vya kuinamishia vipigwe na upepo hadi Mbale.

Kinachotumaliza ni joto. Wengi wananunua zile paneli nyembamba zinazopinda na kuzibandika kwa gundi moja kwa moja kwenye bati. Sikubaliani nazo kabisa. Nguvu ya paneli hupimwa kiwandani seli zikiwa na nyuzi 25. Egesha Soroti mchana, seli zinapita nyuzi 60, na kila nyuzi inayozidi 25 inakula karibu asilimia 0.4. Wati 100 ulizolipia zinabaki kama 85. Kwa hiyo nilichukua mbili za kioo zenye fremu, wati 100 kila moja, na chini yake pana nafasi ya ngumi ili hewa ipite. Upande mmoja umenyanyuliwa kidole kimoja tu, mvua isituame.

Fundi wa Katwe aliyenitengenezea keria alikuwa ameshashika drili. “Nyabo, matundu manne tu, halafu tunaziba na silikoni.” Nikamwambia, hapana kaka, Hiace ina mfereji wa mvua pande zote mbili za paa, keria ibanwe hapo. Akaibana, na ikakaa imara. Waya zinapita kwenye mpira wa mlango wa nyuma, zimeachwa zining'inie kidogo kabla ya kuingia ili maji yadondokee nje.

Nati zote ni zile zenye plastiki ndani. Barabara ya murram (isiyo na lami) ya Karamoja yenye mawimbi hulegeza nati ya kawaida taratibu, wala husikii. Nawaomba sana msibane pesa hapa: paneli ikichomoka gari likiwa kwenye mwendo, inamwangukia mtu wa boda aliye nyuma yako.

Haya yote ni kwa ajili ya friji ndogo ya volti 12. Mama anatumia insulini, na chupa ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Kaka yangu yuko Kotido, na Mama hataki kuambiwa kwamba Kotido ni mbali. Siku ya joto friji inakula kama wati-saa 500. Jua letu ukilikusanya ni kama masaa 5 ya jua kali kabisa kwa siku. Wati 200 mara 5 ni 1,000, lakini nikitoa joto, vumbi na mawingu nahesabu 700. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 inatunza karibu 1,280, kwa hiyo mvua ikinyesha siku mbili mfululizo bado nalala bila wasiwasi. Fyuzi iko jirani kabisa na betri.

Kivuli je? Tawi moja la mwembe likifunika kona ya paneli, umeme wake unashuka vibaya, ndiyo maana zangu mbili zimeungwa sambamba: moja ikilala, nyingine inaendelea. Na mkifika Kampala msiegeshe chini ya miti wanayolala kaloli, wale ndege wakubwa jamii ya korongo, kwa sababu kinyesi chao kinafanya kazi ileile ya lile tawi, tena kikikauka hakitoki kwa mvua. Kisugueni kwa kitambaa na maji alfajiri, kioo kikiwa bado baridi. Ukimwagia maji kioo cha saa nane mchana, kinaweza kupasuka.