Siku moja karakanani: rezoneta ya shingo ya mviringo inalazwa mapajani

Saa 3 asubuhi. Mezani kuna rezoneta, yaani gitaa ambalo sauti yake inakuzwa na koni ya chuma iliyo ndani. Ina shingo ya mviringo, koni moja ya inchi 9.5. Mwenye gitaa anataka kulipiga likiwa mapajani, kwa chuma cha kutelezesha. Kwanza rula: kwenye freti (kijiti cha chuma kwenye ubao wa shingo) ya 12, nyuzi ziko juu milimita 3, shingo imenyooka. Ingekuwa imepinda, kazi ingeishia hapa.

Saa 4. Rula ya chuma inalazwa juu ya nyuzi, karibu na kidaraja, kile kinachobeba nyuzi juu ya koni. Inayumba: kidaraja kina mgongo. Chuma cha kupigia kimenyooka, kwa hiyo nyuzi za pembeni zitakwaruza. Kifuniko cha koni lazima kifunguliwe. Koni haina gundi, imekaa tu kwenye ukingo wake, hivyo iwekewe alama ya penseli irudi palepale. Mifereji ya katikati ya kidaraja inachimbwa kwa tupa ndogo, taratibu. Kidaraja hakiinuliwi hata kidogo. Nyuzi zikikivuka kwa pembe kali, zinaikandamiza koni mpaka inabonyea.

Saa 6. Kipandishio: kipande cha chuma chenye mifereji sita, kinavikwa juu ya kizingiti cha kichwani, pale nyuzi zinapopita kuelekea vikazio. Hakigundishwi, mkazo wa nyuzi unakishika. Hapo kichwani nyuzi sasa ziko juu ya ubao milimita 8 hadi 9. Dakika kumi, basi.

Saa 7. Hapa ndipo watu wanapovunja magitaa. Kampuni ya National walipoanza kuuza rezoneta mwaka 1927, wapigaji wa Kihawaii, wanaolaza gitaa mapajani, walikuwa na shingo ya mraba, nene. Hii ya mviringo si ile, haivumilii mkazo kama ile. Mtindo wa kutyuni wa G B D G B D, unaoitwa G ya juu, unaupandisha uzi wa 6 kutoka E ya kawaida hadi G. Uzi uleule, mkazo unaongezeka kama asilimia 41. Wa 5 unaongezeka 26. Leo tunatyuni D G D G B D: nyuzi tatu zinashuka, hakuna inayopanda.

Saa 9. Majaribio. Chuma kinakaa juu ya freti yenyewe, si nyuma yake. Kukiwa na mlio wa bati, kaza skurubu za kifuniko kabla ya kuilaumu koni.

Saa 11. Kutyuni tena, rula tena kwenye shingo. Mwenye gitaa aking'ang'ania G ya juu, abadilishe nyuzi kwanza, aweke nyembamba zaidi: ya 6 kutoka inchi 0.053 hadi 0.045 hivi, ya 5 kutoka 0.042 hadi 0.038.