Mbung'o wa Uganda na hofu za wageni

Sisi Watanzania tunaoishi Entebbe huulizwa sana na ndugu zetu kuhusu mamba wa Ziwa Viktoria, na vijana wa nyumbani huongezea viumbe wadogo wa mbali waliowaona kwenye simu, kama vile buibui wa Sydney na pweza mwenye mabaka ya buluu, ambaye sumu yake haina dawa ya kuizima. Hatari hizo ni za kweli, ingawa tangu dawa ya sumu ya buibui huyo ilipopatikana mwaka 1981 hakuna kifo kilichothibitishwa. Mimi ninayemwogopa zaidi hana sumu yoyote, naye ni mbung'o, inzi anayenyonya damu.

Kati ya mwaka 1900 na 1920, malale, yaani ugonjwa wa usingizi, yaliua watu zaidi ya 200,000 huku Busoga na Buganda, wengi wao wakiwa watu wa mwambao na wa visiwani, na serikali ya kikoloni ikawahamisha kwa nguvu walionusurika. Hapa hapa Entebbe, mwaka 1903, David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alionyesha kwamba mbung'o ndiye anayeeneza ugonjwa huo, kwa kunyonya vimelea kutoka kwenye damu ya mmoja na kumwingizia mwingine. Inaniuma kwamba wageni wanaojaa ufukoni siku za Jumapili hawasimuliwi habari hizi.

Uganda inajulikana kuwa nchi pekee yenye aina zote mbili za malale. Ile ya kaskazini-magharibi hukaa mwilini hata miaka kabla ya kumlaza mtu. Ile ya kusini-mashariki ni kali, na kwa kuwa vimelea vyake huishi pia ndani ya ng'ombe, ilisafiri na mifugo iliyouzwa hadi Soroti, mashariki mwa Uganda. Kaskazini-magharibi, vitambaa vidogo vya buluu vilivyotiwa dawa hutundikwa kando ya mito, maana mbung'o huvutwa na rangi hiyo, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba aina hiyo si tishio tena kwa afya ya umma nchini. Hayo ni mafanikio makubwa, tena hayatangazwi vya kutosha.

Kwa hiyo ndugu atakayekuja kututembelea na kutaka kufika mbuga ya Murchison Falls asivae buluu wala nyeusi, na afunge vioo vya gari. Akipata homa baada ya kurudi nyumbani, amweleze daktari alikotoka, kwa sababu kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi malale.