Usiifute Dar kwenye fomu yako

Kila Septemba, maombi yanapofunguliwa, wadogo zangu wanaosoma sheria huku Uingereza huanza kunitumia fomu zao. "Dada, nipitishie macho kabla sijatuma." Nazisoma zote kwa moyo, maana najua uzito wa kinachoombwa. Ni nafasi ya uanagenzi kwenye kampuni za mawakili wa biashara: miaka miwili ya kujifunza kazi huku unalipwa, kwa kawaida ukizungushwa idara nne, miezi sita kila moja, na mwisho unaandikishwa kuwa solisita, yaani wakili, wa England na Wales. Kampuni nyingi kubwa hukulipia na masomo ya kabla ya hapo. Kwenye zile tano kubwa za London, tangu 2024 anayefuzu tu huanzia pauni 150,000 kwa mwaka. Hebu fikiria foleni ya mlangoni.

Ninachokikuta kwenye fomu nyingi kinaniuma. Mtu amekulia Temeke, amesoma Tabora, ameuza dukani Kariakoo, lakini ukisoma majibu yake utadhani maisha yalianza siku alipotua Heathrow. Anasimulia maonyesho ya ajira aliyohudhuria chuoni, semina aliyoisikiliza kwenye kompyuta, na habari ya Financial Times ambayo kila mwombaji ameisoma asubuhi ileile. Dar yote ameifuta.

Kijana mmoja alinitumia fomu ya namna hiyo, nikampigia simu. Katika kuongea ndipo likatoka, bila hata yeye kulikusudia, kwamba likizo zake alikuwa akishinda na mjomba wake, wakala wa forodha pale bandarini. Nikamuuliza mbona hukuandika. Akasema, "Dada, ile haikuwa kazi ya sheria."

Ni sheria tupu! Kijana alikuwa anashika hati za shehena, zile BL, kila siku. Anajua kwa nini mzigo unakwama hati halisi isipofika. Anajua kontena likikaa, gharama za stoo hupanda mpaka mteja anatamani kuuacha mzigo, na kwamba hapo ndipo linapoanza swali la nani abebe hasara. Sasa, mikataba mingi ya meli na bima za mizigo duniani, hata ya meli ambayo haitatia nanga Uingereza maisha yake yote, huchagua sheria ya England na kupeleka migogoro kwa wasuluhishi wa London. Kuna kampuni hapa zinaishi kwa kazi hiyo. Mwenzake aliyesoma Oxford atakutana na BL kitabuni. Yeye ameibeba mkononi kwenye jua la Kurasini. Tulikaa tukaandika upya sehemu ile, kwa maneno yake mwenyewe, na aliitwa kwenye usaili.

Wala usione haya kwa sheria uliyoisoma nyumbani. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, mizizi yake iko kwenye sheria ya India ya 1872, ambayo nayo Waingereza waliiandika kutokana na kanuni zao. Mahakama za Tanzania bado zinazitambua kanuni za mahakama za England kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kwa Kenya tarehe ni 12 Agosti 1897. Aliyekesha Mlimani na kesi ya mkataba ya Carlill ya 1893 amesoma kesi ileile wanayoisoma hapa mwaka wa kwanza. Na kazi zenyewe zinatufuata. Julai 2024 Mahakama Kuu hapa London iliamua kesi ya Msumbiji dhidi ya kampuni ya kuunda meli ya Privinvest, kesi iliyotokana na mikopo ya siri ya takriban dola bilioni 2 ya mwaka 2013 na 2014. Nchi iliyo ng'ambo tu ya mto Ruvuma, na mawakili wake wako vituo vichache vya treni kutoka ninapoandika haya.

Karibu kila fomu itakuuliza uchambue tukio la biashara lililokuvutia. Watu huandika kuungana kwa kampuni za mawakili za Allen & Overy na Shearman & Sterling Mei 2024, kwa kuwa liko karibu. Msomaji wa fomu amelisoma mpaka amelichoka. Kama ningekuwa naomba leo, ningeandika hisa za Vodacom Tanzania.

Sheria ilizitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa zao kwa umma kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam. Vodacom ikatangulia, 2017. Hisa zilikusudiwa Watanzania peke yao; fedha hazikutosha; muda ukaongezwa; hatimaye wawekezaji wa nje wakaruhusiwa, zikapatikana shilingi bilioni 476. Humo ndani kuna kila kitu ambacho kampuni ya mawakili ingependa kukuona unakifikiria. Kampuni mama iko Afrika Kusini, na juu yake iko Vodafone ya Uingereza: je, ungemshauri nini mteja aliyeko mbali kiasi hicho anapoambiwa na serikali auze robo ya kampuni yake kwa tarehe fulani? Hisa zisiponunuliwa, nani anaumia? Waraka wa kuwaalika wanunuzi useme nini kuhusu hatari, ili mama ntilie wa Manzese aliyeweka akiba yake asije akasema alidanganywa? Ukiweza kujibu haya kwa kurasa mbili umeonyesha ufahamu wa biashara kuliko yule aliyekariri riba ya Benki Kuu ya Uingereza. Wakenya nao wana hatifungani yao ya Februari 2024, dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75, zilizokopwa ili kununua tena deni la 2014 kabla halijaiva. Kwa nini nchi ikubali riba ya juu hivyo? Anza hapo.

Ukivuka fomu, wengi watakupa mtihani wa Watson Glaser. Huu hupima namna unavyofikiri, na huwaangusha watu wenye akili sana, hasa wanaojua mengi. Tuseme kifungu kinasema wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa siku kadhaa wakilalamikia kodi. Halafu unaulizwa: je, ni kweli kwamba walipata hasara? Wewe uliyemwona shangazi yako akihesabu hasara Juni 2024 utasema kweli kabisa. Lakini kifungu hakijataja mauzo. Jibu lisitoke kwa shangazi, litoke kwenye maneno yaliyo mbele yako. Fanya mazoezi mpaka mkono uzoee, na kabla ya kila swali jiulize: hili limeandikwa, au nalijua tu?

Sasa viza, ambako sitaki mtu apotee. Kampuni hizi huajiri karibu miaka miwili kabla ya tarehe ya kuanza, na sehemu kubwa ya wanagenzi hupatikana kupitia mafunzo mafupi ya likizo ya wiki moja hadi tatu. Anayekuja kwa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja anatua Septemba, na madirisha ya mafunzo hayo yanaanza kufungwa kabla hajazoea baridi, mengi yakiwa yamefungwa ifikapo Januari. Kampuni nyingine husoma fomu kadiri zinavyoingia, kwa hiyo siku ya mwisho ni siku mbaya ya kutuma. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: kwa mwanafunzi wa uzamili, miezi ya kiangazi huhesabiwa kuwa ya masomo, si likizo, hivyo ukomo wa saa 20 za kazi kwa wiki unaendelea mpaka kozi iishe. Mafunzo ya likizo ya Julai yanaweza kugongana na viza yako. Waulize watu wa viza chuoni, kwa maandishi, kabla hujakubali. Viza ya baada ya masomo ni miaka miwili, na wanaoiomba kuanzia 1 Januari 2027 watapewa miezi 18, isipokuwa wa shahada ya uzamivu. Piga hesabu yako mapema, na uulize kila kampuni kama itakudhamini. Kuuliza si utovu wa adabu. Kampuni inayonuna kwa swali hilo imekuokolea muda.

Kisanduku cha alama za A-Level huwatisha watu bure. Andika matokeo ya NECTA kama yalivyo, somo kwa somo, na usijigeuzie mwenyewe kuwa alama za Kiingereza. Wakitaka ulinganisho, taasisi ya UK ENIC ndiyo inayotoa.

Na wewe uliyekwisha kuapishwa kuwa wakili Tanzania, Kenya au Uganda, usipange foleni hii kabla hujatazama njia yako. Huhitaji miaka miwili ya uanagenzi. Unafanya SQE, mitihani ya kufuzu kuwa solisita iliyoanza 2021: sehemu ya kwanza ni maswali 360 ya kuchagua, ya pili ni vitendo, na unaweza kuomba usamehewe sehemu kwa sifa ulizonazo. Mitihani yote miwili inakaribia pauni 5,000, fedha nyingi, najua, lakini ni njia iliyo wazi.

Kwa wasio mawakili, tangu SQE ije, mlango si mmoja tena. Miaka miwili ya uzoefu inaweza kukusanywa sehemu hadi nne: usaidizi wa kisheria kwenye kampuni ndogo ya Leicester, kliniki ya sheria ya chuo, hata ofisi ya Nairobi au Dar, mradi solisita wa England na Wales aweze kuithibitisha. Nawajua Waafrika Mashariki waliofuzu hivyo, na kwenye orodha ya masolisita majina yao yako sawa na ya wengine. Jambo la kuangalia ni saini. Usisubiri miaka iishe ndipo uanze kumtafuta msimamizi wako, maana watu huhama kazi na ofisi hufungwa. Weka daftari la kazi ulizofanya, bila majina ya wateja, na kila unapoondoka mahali ondoka na kipindi chako kimeshathibitishwa.