Camp Nelson mpaka Nicodemus, tunamtafuta babu wa babu

Baba mkwe wangu ana miaka 87 na kumbukumbu zake ziko fiti, ila ukimuuliza ukoo wao umetokea wapi anakwambia Kansas, basi. Kabla ya hapo? Kimya. Kwetu Tanga mzee anakutajia mababu mpaka chai inapoa, kwa hiyo hili jambo lilikuwa linanikera kuliko hata wao wenyewe. Tatizo ni kwamba sensa ya Marekani ya 1870 ndo ya kwanza kuwaandika kwa majina wale waliotoka utumwani, ya 1860 inakupa umri, jinsia, rangi na jina la bwana aliyewamiliki, kama vile unahesabu ng'ombe.

Kilichotuokoa ni kwamba huyo babu, yaani babu wa babu wa mume wangu, alikuwa askari kwenye Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Wifi yangu aliagiza faili la pensheni ya mjane wake kutoka Nyaraka za Taifa kule Washington, na humo ndo kuna kila kitu, maana bibi wa watu alitakiwa athibitishe ndoa ambayo sheria ya utumwa haikuitambua wala hana cheti, ikabidi majirani waje waape, mmoja baada ya mwingine, na yeye hajui kuandika kaweka alama ya X. Yani ubahili wa serikali ndo umetuhifadhia ukoo.

Basi tukapanda ndege mpaka Lexington, Kentucky, tukakodi gari, mimi, mume wangu, wifi na mzee. Camp Nelson, iliyokuwa kambi ya jeshi la Kaskazini, iko kusini kidogo, barabara namba 27. Hapo waliandikishwa askari weusi zaidi ya 10,000, babu akapangiwa kikosi cha 116 mwaka 1864. Sasa sikia hii: ukijiunga na jeshi unakuwa huru wewe, mkeo na watoto bado ni mali ya mtu. Wakawafuata waume zao kambini hivyo hivyo, na Novemba ile, baridi kali, wakubwa wa kambi wakaamuru wanawake na watoto kama 400 wapakiwe kwenye mikokoteni watupwe nje, vibanda vikavunjwa. Wakafa 102. Kelele zikawa nyingi mpaka Machi 1865 bunge likapitisha sheria ya kuwapa uhuru wake na watoto wa askari.

Kwenye faili, orodha ya watoto inaanza na binti, miaka 2, pembeni wameandika alifia Camp Nelson. Na jina lake ndo jina la wifi yangu! Kila kizazi kwao lazima kuna msichana mmoja anaitwa hivyo na hakuna aliyekuwa anajua limeanzia wapi. Mzee aliisoma ile karatasi tukiwa parking, akavua miwani, akamwangalia binti yake, hakusema kitu mpaka tunafika hotelini.

Kwenda Kansas ni siku mbili za barabarani, mahindi na mahindi tena, hakuna cha kusimulia. Tulikuwa tunaelekea Nicodemus, mji ulioanzishwa na watu weusi waliotoka utumwani. Ila tulitoka barabara kuu ya I-70 pale Ellis makusudi, kwa sababu walowezi wake wa 1877 walishuka treni hapo hapo wakaenda kwa miguu kilomita hamsini na kitu. Sisi kwenye kiyoyozi tulichoka. Mama mmoja, Willianna Hickman, alifika 1878 akauliza Nicodemus iko wapi, akaonyeshwa moshi unatoka ardhini, watu walikuwa wanaishi kwenye mashimo, akaanza kulia. Kiukweli hata leo ukifika unaweza kulia. Reli iliwapita mbali mwaka 1888, maduka yakahamia Bogue ng'ambo ya mto Solomon, sasa hivi zimebaki nyumba chache, kanisa, na upepo.

Kaburi la babu tulilipata haraka, jiwe jeupe la kijeshi, limeandikwa 116 U.S.C.I., yaani kile kikosi chake cha 116 cha askari weusi wa miguu. Mume wangu, ambaye ni kilembwe wake, alikuwa anapiga picha tu, nadhani alikuwa anakwepa kuongea.

Mzee akaomba Biblia ya familia iletwe kutoka kwenye gari. Ukurasa wa vizazi mstari wa kwanza ni mtoto wa 1866 na juu yake hakuna nafasi hata kidogo. Akaiweka juu ya boneti, mimi nikashika kurasa zisipeperuke, akaandika jina la yule binti aliyefia Camp Nelson pembeni, kwa wima, polepole, mkono unatetemeka. Kalamu ikagoma katikati. Wifi akampa ya kwake, ya bluu, akamalizia.