Mwaka mmoja shambani Muheza: maji ya paa, kuku na mhogo wa mama mkwe

Mwezi uliopita tulitimiza mwaka tangu tuhame Tanga mjini na kuja kuishi kwenye shamba aliloacha marehemu baba mkwe, nje kidogo ya Muheza. Ni ekari moja na nusu, nyumba ya vyumba vitatu, michungwa 31 iliyozeeka, minazi sita na mama mkwe, ambaye hajawahi kuishi kwingine. Naandika kwa sababu ndugu wengi wananiuliza tumewezaje. Pia naandika kwa hasira kidogo, maana ushauri niliopewa mwanzoni ulinigharimu, na wengi walioutoa hawajawahi kulala shambani hata usiku mmoja.

Ushauri wa kwanza, karibu kila kinywa: chimbeni kisima. Shamba bila kisima si shamba. Wakati huo tulikuwa tunanunua maji yanayoletwa na bodaboda, dumu la lita 20 shilingi 500, na kiangazi kilipokolea ikawa 700, na nyumbani tuko watu sita. Kwa hiyo niliyapokea maneno hayo bila kuuliza. Baba watoto akatafuta fundi.

Fundi alikuja na kijiti cha mpera chenye panda. Akakishika kwa mikono miwili, akazunguka nacho uwanja mzima, kikainama karibu na mwembe. Akasema maji yapo futi 25. Nilitaka sana kumwamini. Vijana wawili wakaanza Jumatatu. Futi kumi za mwanzo ni udongo mwekundu, sululu inazama kama kwenye mhogo uliochemshwa, na lundo la udongo likapanda hadi usawa wa dirisha. Futi 25 ikafika, vumbi tupu. Fundi akasema bado futi tano. Futi 30 ukatoka udongo wa kijivu wenye ubaridi, ukiufinyanga unashikana, na siku hiyo tulifurahi mpaka watoto wakaenda kuwaita majirani. Futi 38 mtaimbo ukagonga mwamba. Mlio wake niliusikia nikiwa jikoni, na nilijua kabla hawajaniambia.

Waliupiga mwamba ule siku tatu. Kila jioni ndoo ilipanda na vipande vya jiwe vinavyometameta, na usiku kucha shimo lilikusanya ndoo moja ya maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Siku ya nne fundi akasema tungeweza kuhamia upande wa pili wa nyumba, kwa bei nyingine. Hapo tulikuwa tumeshatoa kama laki saba, na chakula chao sikukihesabu.

Mama mkwe alikuwa amekaa kimya siku zote hizo. Nilipokwenda kumwamkia asubuhi, akaitikia shikamoo yangu, kisha akasema, "Mwanangu, baba yenu alichimba hapa mara mbili. Mlikwenda kwa fundi kabla ya kuniuliza mimi." Iliniuma, maana alisema kweli. Tukalifukia shimo lile, kwa sababu shimo wazi kwenye nyumba yenye watoto ni kaburi linalosubiri. Futi tatu za juu tukajaza samadi na majani, tukapanda migomba mitatu, na maji ya kuoshea vyombo yanakwenda huko. Sasa ndiyo migomba mikubwa kuliko yote shambani.

Wiki ile ile ikanyesha mvua ya kwanza ya vuli. Nilikuwa nimeacha beseni chini ya ukingo wa bati, kwenye kona ya jiko, na likajaa kabla sijamaliza kukuna nazi moja. Nikasimama nikalitazama. Nikalimwaga, nikalirudisha, likajaa tena.

Mtoto wangu mkubwa yuko darasa la sita, na yeye ndiye aliyenifundisha hesabu hii, nami namshukuru hadi leo: mvua ya milimita moja ikianguka kwenye mita moja ya mraba, ni lita moja ya maji. Paa letu lina urefu wa mita 8 na upana wa mita 7 ukilipima kwa chini, yaani mita 56 za mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo huku wakati wa vuli wala si mvua ya kusimulia, ni lita 1,120. Ondoa zinazoruka na kuvuja, zinabaki kama 900. Hayo ni madumu 45, na tulikuwa tunayaacha yaende barabarani huku tukinunua maji ya bodaboda! Tulichukua kopo la maziwa lenye kuta zilizonyooka, tukaliweka uwanjani mbali na miti, na kila baada ya mvua mtoto alitumbukiza rula akaandika kwenye daftari. Baada ya wiki tatu sikuhitaji ushauri wa mtu.

Nikakopa kwenye kikoba, tukanunua tanki la lita 5,000 na gata, yaani mifereji ya kupokea maji kwenye ukingo wa bati. Kila kitu, pamoja na usafiri na fundi bati, kilikaribia milioni moja na nusu, labda kilizidi. Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba maji ya kwanza ya mvua hayafai. Yanaosha vumbi, majani na kinyesi cha ndege. Tumeweka bomba pembeni linalopokea hayo ya mwanzo, likishajaa ndipo yanayofuata yanakwenda tankini, na baada ya mvua unalifungua chini linamwagika. Mdomo wa tanki tumeufunga kwa chandarua ili mbu wasizaliane. Ya kunywa tunachemsha. Na msingi wa tanki uwe wa zege na uwe sawasawa, maana lita 5,000 ni tani tano.

Tukitumia lita 100 kwa siku, tanki likijaa linatupeleka siku 50. Kiangazi cha Januari na Februari tulinunua madumu ya wiki mbili tu. Bustani ya mchicha na matembele nyuma ya jiko haikukauka.

Kuku ni habari nyingine. Mjini niliambiwa, anza na kuku wa kisasa 500, utajirike. Nilikataa, na katika mwaka mzima huo ndio uamuzi ninaojivunia zaidi, kwa sababu Januari kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilipita. Mama mkwe alikuwa na kuku wa kienyeji 17. Kuku wa kwanza alianza kuhara kijani asubuhi, jioni shingo imepinda. Tukaambiwa tuwape maji ya pilipili, tukawapa. Mwarobaini, tukawapa. Mshubiri pia. Ndani ya siku tano wakafa 12. Nasema wazi ili mwingine asipoteze siku zake kama mimi: kideri ni kirusi, kikishaingia bandani hakuna dawa ya kukiponya. Kinga ni chanjo tu, na kuku awe mzima wakati wa kuchanjwa. Ipo ya matone inayotengenezwa Kibaha, tone moja kwenye jicho moja, unarudia kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja inatosha kuku wengi kuliko wangu, na ikishachanganywa haikai, kwa hiyo tumejipanga nyumba tano, tunachangia na kuchanja siku moja. Ukigawa hivyo, gharama kwa kila kuku ni ndogo kuliko bei ya yai. Kuku mgeni anakaa peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenzake.

Walibaki matetea wanne na jogoo. Hapo mama mkwe akanionyesha jambo ambalo sitalisahau. Tetea wa kwanza alipoanza kulalia, hakumwekea mayai mazuri. Alimwekea mayai viza matatu ya kumtuliza, akamwacha. Mayai mazuri akawa anayakusanya kwenye kikapu chenye pumba, ncha iliyochongoka chini, mahali penye ubaridi, na hakuna yai lililozidi siku kumi. Mengine tuliomba kwa jirani. Wa pili alipolalia, viza vilevile. Wa tatu alipoanza, tukangoja usiku, tukaingia na tochi tumeiziba kwa kitambaa, tukatoa viza na kumwekea kila mmoja mayai 11 mazuri. Kuku haoni vizuri gizani, hakuna aliyenyanyuka. Wote watatu wakaanza kuhesabu siku 21 usiku mmoja.

Siku ya saba tukapima mayai chumbani gizani kwa taa ya simu. Yai zima lina mishipa kama utando wa buibui. Yai lisilo na mbegu linapitisha mwanga wote. Tukatoa matano. Yakabaki 28, na siku ya 21 wakatotolewa vifaranga 26. Usiku ule ule tukawagawa kwa mama wawili, 13 kila mmoja, na tetea wa tatu akarudi kutaga baada ya wiki tatu hivi badala ya kulea miezi miwili. Wawili walichukuliwa na mwewe, wawili wakafa kwa baridi, 22 wakakua. Wiki mbili za mwanzo wanashinda chini ya tenga. Kitu hiki mama mkwe anakijua tangu msichana, na mimi nilikuwa natafuta bei ya mashine ya kutotolea.

Kuhusu mhogo nitasema kidogo. Tulipofika niliomba mbegu, yaani vipande vya shina, kwa jirani, nikachagua mimea yenye majani mazuri mabichi. Tulipochimba, ndani ya mihogo kulikuwa na madoa magumu ya kahawia, hata nguruwe wa mtu asingeshukuru. Ni michirizi kahawia, ugonjwa wa mhogo. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtafiti aliyekuwa hapo Amani, wilaya hii hii yetu, na bado watu wanachagua mbegu kwa kutazama majani! Batobato, ugonjwa mwingine wa mhogo, unauona kwenye jani. Michirizi inaweza kujificha, jani likawa zuri na mhogo umeoza, na kadiri unavyouacha ardhini ndivyo unavyozidi kuharibika. Sasa mimi nachimba kwanza, nakata mhogo vipande, na shina ambalo mihogo yake yote ni myeupe nalifunga kitambaa. Mbegu inatoka hapo tu. Upande mwingine tumepanda aina ya mhogo iitwayo Kiroba, ambayo inavumilia michirizi.

Machungwa hatukuyauza yakiwa bado maua mtini. Dalali alikuja na pesa mkononi, na mwezi ule tulikuwa na shida kweli. Tukangoja, tukauza matunda kwa gunia, tukalipa kikoba.

Leo nina kuku 41, wakubwa kwa wadogo. Matetea wawili wameanza kulalia, wako juu ya viza, na mama mkwe ameniambia tumngoje wa tatu mpaka Ijumaa. Fundi bati anakuja Jumamosi kuweka gata upande wa jiko, ule ule wa beseni.