Testi 140 zinapita na laibrari bado inadanganya

Wiki nzima imeishia kwenye baiti moja. Laibrari yangu ya kusoma JSON (muundo wa maandishi wa kubebea data), ile ya lugha ya C niliyoiachia watu waitumie bure, ilikuwa na testi 140 zote kijani na mimi natembea kifua mbele, mara jamaa mmoja anafungua ripoti: anapokea ujumbe kwenye mtandao, umekuja `12`, laibrari inampa 127. Nikamjibu kwa upole acheki kwanza kodi yake (code, maandishi ya programu). Najuta.

Nikaandika testi ya hiyo 12, urefu 2, inapita. Nikarudia, inapita. Nusu siku nahangaika ndo nikashtuka kwamba kwenye testi zangu zote maandishi nayaandika palepale ndani ya kodi, na C ukiipa maandishi kwenye alama za kunukuu inaongeza baiti ya sifuri mwishoni bila kuombwa. Kitanzi changu cha namba kilikuwa kinasonga mbele mradi kinaona tarakimu, urefu hata hakiulizi. Kwangu kinagonga ile sifuri kinasimama, safi. Kwa jamaa hakuna sifuri, bafa yake (sehemu ya memori ya kupokelea ujumbe) ni ileile inajazwa upya kila ujumbe, na nyuma ya 12 ilikuwa imebaki 7 ya ujumbe uliopita. Haya, 127 hiyo hapo.

`while (i < n && ni_tarakimu(p[i])) i++;`

Hiyo `i < n &&`, yaani kuuliza kama bado tuko ndani ya urefu n, ndo haikuwepo. Kurekebisha dakika moja, ila kilichoniuma ni testi zenyewe, maana zilikuwa zinanificha tatizo. Kwa hiyo sasa kila testi inapita kwenye fankisheni ndogo inayoomba memori kwa `malloc` kiasi cha n kamili, inanakili maandishi humo bila ile sifuri, inaita laibrari, inaachia memori. Nikakompaili na `-fsanitize=address`, inayopiga kelele programu ikigusa memori isiyo yake, na hapo ndo utamu, testi 9 zikaanguka kwa mpigo! Nyingi ni hizohizo za namba, ila kulikuwa na ya `tru` iliyokatika (nalinganisha baiti 4 na `true` wakati zimebaki 3) na ya `\u00` (JSON inaruhusu kuandika herufi kwa namba yake hivyo) inayotafuta tarakimu nne kumbe ziko mbili.

Nikapata tamaa. Nikaandika kitanzi kinachochukua kila JSON nzuri na kuikata kuanzia baiti 0 mpaka n-1, kila kipande lazima kirudishe kosa. Kikaanguka mara ya kwanza tu, nikajua nimekamata bagi (kosa la programu) nyingine, kumbe mjinga ni mimi: `123` ukiikata inabaki `12`, nayo ni JSON halali kabisa tangu RFC 7159 ya 2014, waraka wa kanuni za JSON, iruhusu namba kusimama peke yake. Sasa nakata zile zinazoanza na `{`, `[` au alama ya kunukuu tu. Na ile ya baiti 0 nayo ina vituko vyake, `malloc(0)` inaruhusiwa kurudisha NULL (anwani tupu), hiyo nimeiwekea njia yake pembeni.

Kuna mtu pia kaleta mabadiliko mazuri tu, anahifadhi namba ya mstari wenye kosa, lakini kaongeza sehemu mpya kwenye struct (fungu la data lenye sehemu kadhaa) ambayo watumiaji wanaitengeneza wenyewe. Nimekataa kwa sasa. Programu iliyokompailiwa na heda ya zamani (faili linaloeleza struct ilivyo) itatenga nafasi ndogo halafu laibrari mpya iandike nje yake, yaani baiti zangu zilezile tena kwa mlango wa nyuma. Nimemwomba atengeneze fankisheni ya kuulizia mstari, bado hajajibu, sijui kanuna.

Toleo lenye marekebisho limetoka jana usiku. Yule jamaa wa 127 nimemuomba radhi, na testi yake nimeiweka ya kwanza kabisa kwenye faili. Kesho nakipa kichanganuzi, yaani laibrari hiyohiyo, mabano `[` laki moja mfululizo, na kwa jinsi nilivyoandika ile rikasheni (fankisheni inayojiita yenyewe kwa kila bano) najua kabisa staki, memori ya kuhesabia miito hiyo, itapasuka.